Saa Iliyotungwa kwenye Kamba ya Katani

Mimi sikuwahi kuwa mwalimu. Kila mtoto anayeniita mwalimu namrekebisha mara moja, mara ya pili, halafu nachoka namwacha. Kazi yangu ilikuwa kutunza maabara katika shule moja ya sekondari ya wasichana. Niliosha mirija ya vioo, nilipima tindikali, nilikarabati mizani iliyoangushwa na watu ambao hawakuwahi kukiri kwamba wameiangusha. Walimu wa fizikia walikuja wakahamishwa, wengine wakaja, mimi nikabaki na funguo za kabati. Nilipostaafu nilidhani nitalima bustani. Miezi miwili ilitosha kunionyesha kwamba bustani siipendi, kwa sababu mchicha huwezi kuufungua ukaona ndani unafanyaje kazi.

Kufungua vitu nilijifunza kwa baba. Alikuwa fundi wa korona katika shamba la mkonge upande wa Muheza, na ninaposema korona sisemi ule ugonjwa, nasema ile mashine kubwa ya kusaga majani ya mkonge mpaka ibaki katani nyeupe. Mashine ikisimama, baba aliniita nimshikie spana. Wenzake walimcheka kwamba anamfundisha mtoto wa kike ufundi wa chuma, naye aliwajibu kwamba mashine haijawahi kumuuliza fundi wake ni wa kike au wa kiume. Nilikuwa na furaha sana siku zile, mikono yangu imejaa grisi hadi kwenye viwiko.

Basi nilipochoka na mchicha nikaenda kwenye jumba la makumbusho la hapa mjini Tanga, lile jengo la zamani lenye kuta nene, nikaomba baraza ya nyuma kila Jumamosi. Nilitaka kuweka meza ambayo watoto wangefungua vitu vilivyoharibika wakaona ndani. Mtunza makumbusho alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye kibao kilichokuwa ukutani nyuma yake. Kilikuwa kimeandikwa USIGUSE, kwa herufi alizozichora mwenyewe kwa rula.

Ni mtu mwema, lazima niseme hivyo mapema, maana baadaye nitamsema. Mashati yake yamenyooka kama yametoka dukani leo, na kila asubuhi hupangusa vumbi kwenye simu za kuzungusha na mashine za chapa kwa brashi laini kama anawaosha watoto wachanga. Mgeni akiegemea kabati la kioo, yeye husikia akiwa chumba cha pili. Alikubali ombi langu kwa shingo upande na kwa masharti. Hakuna kitu cha makumbusho kitakachotoka ukumbini kuja barazani. Hakuna mtoto mwenye mikono michafu atakayeingia ukumbini kutoka barazani. Na siku kitu chochote cha makumbusho kitakapoharibiwa na watoto wangu, hiyo ndiyo siku ya mwisho ya meza. Nilikubali yote haraka haraka asije akaongeza la nne.

Meza yenyewe ilikuwa mbao mbili juu ya mapipa. Tulibandika tangazo mlangoni kwamba mwenye kitu kilichokufa nyumbani atuletee, na watu wakaleta: pasi, feni, redio, vitasa, dinamo za baiskeli. Skrubu tuliziweka kwenye vifuu, kwa kuwa vifuu havinunuliwi, kila jiko la hapa vimejaa. Kifuu kimoja kwa kila hatua ya kazi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, na nilikuwa mkali juu yake.

Sijui niielezeje furaha ya zile Jumamosi bila kuonekana nimezidisha. Tuliipindua baiskeli juu chini, mtoto mmoja akazungusha pedali, na taa iliyounganishwa na dinamo ikawaka mkononi mwa mtoto mwingine. Wakanyamaza wote. Kisha wakataka kila mmoja azungushe, halafu wakagundua wenyewe kwamba ukizungusha polepole taa inafifia, halafu wakaanza kubishana ni kwa nini. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu nikajizuia kujibu, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kufunga swaumu. Nikirudi nyumbani jioni nilikuwa natembea najichekea njiani kama mtu aliyepata barua nzuri.

Kati yao alikuwepo msichana mmoja wa miaka kumi hivi, binti wa muuza samaki wa Sahare. Wenzake walizungumza kwa midomo, yeye alizungumza kwa vidole. Nilimgombeza zaidi ya wote, maana vifuu vyangu hakuvitaka. Alikuja na kamba yake ya katani, na kila alichokitoa kwenye mashine alikitunga kwenye kamba, kimoja baada ya kingine, kama mama yake alivyotunga vibua vya kuuza. Nikamwambia huu si mtungo wa samaki. Akaitikia ndiyo mwalimu, akaendelea kutunga. Mtoto mkaidi nikimwona namtambua, nilikuwa mmoja wao.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na ili lieleweke lazima nirudi tena utotoni. Sisi watu wa kambi ya mkonge tulitoka huku na kule, tulikuwa Wakatoliki waliokuja na baba zao kufuata kazi, na adabu za pwani hatukuzijua zote. Siku moja mama mmoja wa mji wa jirani alituletea sahani imefunikwa kawa. Mimi, mtoto mwenye njaa, nikafunua palepale mbele yake nione kuna nini. Mama alinifinya mkononi mpaka nikaona nyota, na yule mgeni alipoondoka nilisomewa somo refu. Kitu ukiletewa kimefunikwa, unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakiweka ndani. Kukifungua mbele ya aliyekileta ni uroho, ni kama unakagua kama kinakutosha. Nililishika somo hilo, na kwa kuwa lilinifika kwa kufinywa nalishika kupita hata wenyewe wa pwani.

Jumamosi moja asubuhi alikuja kwenye baraza yetu bibi mmoja kutoka Pangani, wa zile familia za asili ya Oman zilizokuwa na mashamba ya minazi huko. Alikuwa mwembamba, buibui lake linanukia udi, na mjukuu wake amembebea mzigo uliofungwa ndani ya kanga mbili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Akaniuliza hali, nikamuuliza hali, akauliza watoto, nikamuuliza safari, tukamshukuru Mungu kwa kila kiungo cha mwili kimoja kimoja. Akatazama watoto wangu wamezama kwenye kazi, akatabasamu. Kisha mjukuu akaweka mzigo mezani, bibi akasema ametuletea, nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Sikugusa fundo. Yeye naye hakusema mna nini ndani, kwa sababu anayetoa hajitangazi. Tukaagana vizuri, kila mmoja ameridhika na adabu ya mwenzake.

Alipokwisha kuondoka tukafungua. Ilikuwa saa ya ukutani ya mbao nyeusi, yenye mlango wa kioo, namba kubwa nyeusi, na pendulamu ya shaba. Ilikuwa imekufa kabisa. Mimi nilikuwa na tangazo mlangoni la kuomba vitu vilivyokufa, sasa nilitakiwa kufikiri nini kingine? Nilikagua springi zake mbili kwanza, kwa sababu springi iliyojaa ikifyatuka inaweza kumtoa mtu jicho. Zote zilikuwa zimelegea. Nikawaambia watoto haya, leo tuna sherehe.

Hadi adhuhuri saa ya bibi ilikuwa kwenye vifuu kumi na kimoja, na magurudumu yake yalikuwa kwenye kamba ya binti wa muuza samaki. Tuliona kila kitu. Tuliona kwamba gurudumu kubwa linakwenda polepole ili dogo liende mbio, tukahesabu meno. Ndani kabisa tukakuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo katikati ya mashine, kubwa kama kungumanga, watoto wakaifurahia kuliko saa yenyewe. Nilirudi nyumbani nimeridhika sana.

Jumanne mtunza makumbusho alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya utaratibu kupita kiasi, nikajua kuna jambo. Alisema mjukuu wa bibi wa Pangani amempigia. Bibi alikuwa anauliza saa ya marehemu baba yake imewekwa kabati lipi, na kama ipo ndani ya kioo, kwa maana Jumamosi hii saa nne asubuhi angekuja na binti zake na wajukuu kuiona. Yule bibi hakuwa ameleta kitu kibovu kwa watoto. Alileta urithi wa baba yake kwenye makumbusho, akapita mlango wa nyuma kwa sababu huko ndiko alikoona watu.

Nikamwambia saa ipo. Akaniuliza ipo wapi. Nikamjibu ipo kwenye vifuu. Nikasikia brashi yake ikiwekwa mezani. Kisha akaniambia maneno ambayo sikuweza kuyabishia. "Mama, mimi sitamdanganya yule bibi. Jumamosi akiikuta saa nzima, tutaongea. Akiikuta vipande, hiyo meza uitoe siku hiyohiyo."

Niliona haya, na nilikasirika, na kwa desturi yangu nilimkasirikia kila mtu kabla ya kujikasirikia mimi. Nilimkasirikia bibi kwa kutosema, na mjukuu, na mama yangu aliyenifinya. Nilipomaliza orodha nikabaki mimi. Sikuhofia mbao mbili na mapipa. Nilihofia kuupoteza ule muda ambao taa inawaka mkononi mwa mtoto na wote wananyamaza, na nilihofia uso wa yule mwanamke mzee akikuta urithi wa baba yake umetapakaa kama dagaa waliomwagika.

Jumatano baada ya shule niliwakusanya watoto nikawaambia ukweli wote, pamoja na hukumu ya meza. Kisha tukaangalia vifuu, nikapatwa na la pili. Watoto wawili walikuwa wametaka kujua kifuu kinabeba uzito gani kabla ya kuzama, jaribio zuri kabisa ambalo mwenyewe ningelisifu siku nyingine. Walikuwa wamechukua vifuu vinne na yaliyokuwemo wakayamimina kwenye kimoja. Skrubu za hatua nne zilikuwa chungu moja. Nilifungua mdomo nigombe, nikaufunga, nikaukalia mkono wangu.

Binti wa muuza samaki ndiye aliyekwenda kwenye msumari wa ukutani akatoa mtungo wake. Magurudumu yote yalikuwepo, kamba imepita kwenye matundu yake, na kati ya kila moja kuna fundo dogo. Nikaanza kuyatoa kutoka upande ulio karibu nami, akanishika mkono. Sikumbuki mtoto mwingine aliyewahi kunishika mkono hivyo.

"Wa mwisho kutungwa ndiye anatolewa kwanza, mwalimu," alisema. "Ukianzia huko utarudi kinyume."

Nilimwambia nimeelewa. Nikamwambia pia kwamba kamba yake imeshinda vifuu vyangu, na hilo halikuniuma hata kidogo, ingawa nilisubiri liniume.

Siku tatu tulifanya kazi kila alasiri hadi watoto wa chuoni walipoitwa kwenda kusoma Kurani na waliobaki wakaitwa nyumbani. Tulisugua kila jino kwa mswaki na mafuta ya taa. Tukapaka mafuta ya cherehani, tone moja moja kwa ncha ya sindano, na niliyemkuta anaweka matone mawili alikwenda kukaa. Skrubu zilizochanganyika tulizijaribu kila moja kwenye kila tundu, kama mtu anayeutafutia mlango ufunguo. Sehemu ngumu ilikuwa kile kiutepe chembamba cha chuma kinachoshikilia pendulamu. Kilikuwa kimeliwa na kutu ya bahari na kilikatika kwa kutazamwa tu. Hicho hakina duka mjini. Nilikaa nacho Alhamisi nzima nikijaribu bati, nikajaribu waya, pendulamu ikabembea mara tatu ikafa.

Ijumaa yule msichana alikuja na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Nilimnyang'anya kwanza, nikagomba baadaye. Alisubiri nimalize, kisha akaonyesha kwa kidole: chuma chembamba, kinapindika, na katikati kina matundu tayari. Nikautazama ule wembe kana kwamba sijawahi kuona wembe maishani. Nikawaambia wote warudi nyuma hatua tatu, nikavaa miwani, nikauvunja kwa koleo ndani ya kitambaa, nikapata kiutepe kinachostahili. Tukaning'iniza pendulamu. Mtoto mmoja akaisukuma kidogo.

Ilisema ta. Ikasema ta tena. Tulisubiri ife, haikufa. Hakuna aliyepiga kelele, maana tuliogopa pumzi zetu zitaisimamisha. Mimi nililia, nasema wazi, na watoto walijifanya hawaoni kwa adabu ambayo sikuwafundisha. Mezani ilikuwa imebaki skrubu moja ndogo isiyo na tundu. Niliitia mfukoni.

Mtunza makumbusho alikuja kuangalia. Aliizunguka saa, akaisikiliza, na niliona uso wake unataka kufurahi. Kisha akaniuliza jambo la kawaida kabisa. "Lakini ililetwa ikiwa imekufa. Sasa bibi akisikia inatembea, tutasema nani ameifufua?"

Nilitazama watoto na watoto wakanitazama. Siku tatu nzima tulipigania kuirudisha kama ilivyokuwa, na hatukukumbuka kwamba ilivyokuwa ni kimya. Tungeipanga tu ndani ya sanduku lake, ikaningʼinia ukutani bila kutembea, na hakuna ambaye angejua. Mtunza makumbusho akashauri, bila kunitazama, kwamba tungeweza kuisimamisha. Binti wa muuza samaki akaweka kiganja chake juu ya mbao ya saa. Mimi nikasema haisimamishwi, na kesho nitasema mwenyewe.

Jumamosi mambo yalikwenda mbio. Tuliitundika saa ukumbini, pembeni ya kabati la kioo lililoandaliwa. Mimi nilikuwa nje nawanawisha watoto mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Ndani alibaki yule msichana juu ya kigoda, aipatanishe saa na wakati, na mtunza makumbusho akimpangusia kioo. Msichana alimuuliza ni saa ngapi. Yeye akatazama simu yake akamwambia ni saa nne kasoro dakika ishirini. Msichana akazungusha mishale kama alivyoambiwa, akafunga mlango wa kioo.

Niliingia pamoja na wageni. Bibi aliwekwa kwenye kiti mbele ya saa, binti zake wawili nyuma yake, wajukuu wakajipanga ukutani. Nikampa shikamoo, nikainua macho kwenye saa. Mshale mfupi ulikuwa unakaribia nne. Mtoto alikuwa ameambiwa saa nne, akaupeleka mshale penye nne. Kila saa ya ukutani katika mji huu, ukisema saa nne asubuhi, mshale wake unatazama kumi, na sisi tunasoma upande wa pili bila kufikiri, tumezoea tangu shule. Yeye alikuwa hajazoea bado. Kwake saa nne ilikuwa nne.

Nikasogea nikasimama mbele ya saa. Mimi ni mnene kiasi, lakini saa ilikuwa juu zaidi ya kichwa changu. Mtunza makumbusho naye aliona, akaanza kukohoa. Nikafikiri, basi ngoja niseme langu la kuvunja saa haraka, hili la mishale litafunikwa na hilo. Nikamwambia bibi kwamba nina neno la aibu. Nikamweleza kanga mbili, fundo nisilolifungua mbele yake, tangazo la vitu vilivyokufa, vifuu kumi na kimoja, nyigu, na wembe. Nikamwambia tuliifungua saa ya baba yake hadi gurudumu la mwisho, na kosa ni langu peke yangu, watoto walifanya nilichowaambia.

Bibi hakunijibu. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anasikiliza, si mimi, anasikiliza nyuma yangu. Ndani ya saa kitu kilijikunja kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Ikagonga. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ikanyamaza.

Bibi alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake mdomoni. Binti yake mkubwa aliinama kumuuliza kama yuko salama, bibi akamsogeza kando kwa mkono. Akaniomba nihame mbele ya saa. Nikahama. Aliutazama ule mshale kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyeuweka pale. Nikawa naanza kusema ni kosa dogo, tutalirekebisha sasa hivi, lakini msichana alikwishajitokeza kwenye mstari wa watoto.

"Mimi, bibi."

"Nani kakuambia saa hii inawekwa hivyo?"

"Hakuna. Ilikuwa inakaribia saa nne."

Bibi akacheka. Alicheka kwa sauti ya msichana mdogo, machozi yanamshuka, na binti zake walimtazama kwa mshangao. Alitusimulia kwamba baba yake, nyumbani Pangani, hakuwahi kuiweka saa kwa mtindo wa ofisini. Kila siku jua lilipozama aliipeleka mishale kwenye kumi na mbili, na tangu hapo saa ikagonga kama watu wanavyosema: ikiwa saa nne, mara nne. Baba alipofariki, kaka wa bibi alimwita fundi akaipatanisha na redio. Ikawa inagonga mara kumi watu wakisema saa nne. Bibi alisema tangu siku ile aliisikia kama mgeni anayeishi ndani ya nyumba, na hata ilipokufa hakuisikitikia sana. Hakuwa ameisikia ikigonga nne asubuhi tangu alipokuwa binti.

Mtunza makumbusho alikuwa ametoa leso. Alisogea kwa heshima akasema saa sasa itaingia kwenye kabati la kioo kama alivyoomba, na hakuna mkono wa mtu utakaoigusa tena.

Bibi alimgeukia. Alimuuliza kama anajua yeye ameigusa saa ile mara ngapi maishani. Mtunza makumbusho akasema hajui. "Hata mara moja," bibi alisema. "Baba alitia ufunguo mwenyewe kila Ijumaa. Kaka zangu walishika sanduku. Sisi watoto wa kike tulisimama mbali, tulikatazwa. Nimeiangalia miaka yote hiyo, mwanangu, sijui hata ndani kuna nini."

Alinyoosha mkono kwa yule msichana, akamwomba amwonyeshe.

Nilimtazama mtunza makumbusho kwa sababu ukumbi ni wake na sheria ni zake. Alisimama kidogo na leso yake mkononi. Kisha akaenda ukutani, akaishusha saa mwenyewe kwa mikono miwili, akaibeba mpaka baraza ya nyuma, akaiweka juu ya mbao zangu mbili. Akarudi kumletea bibi kiti. Aliporudi mara ya pili alikuwa amekunja mikono ya shati lake lililonyooka, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla ya siku ile.

Kwanza tukamfundisha bibi kulegeza springi pole pole kwa ufunguo, mkono wangu juu ya mkono wake, maana ile haina mchezo. Binti wa muuza samaki akampa bisibisi. Bibi akaishika kama kijiko, msichana akamgeuzia vidole vikakaa vizuri, bila kusema neno. Skrubu ya kwanza ilikataa, ya kwanza hukataa sikuzote. Kisha ikatii. Bibi aliitazama kwenye kiganja chake, akaniuliza aiweke wapi, na mimi, ambaye wiki nzima nilikuwa nimelia na kuomba ile mashine iungane tena, nilimsogezea kifuu kwa furaha ambayo sina jinsi ya kuipima. Nikakumbuka pia nina skrubu yangu mfukoni, na leo huenda tungejua ilikotoka.

Gurudumu la kwanza lilipotoka, bibi alilinyanyua juu kwenye mwanga, akawatazama watoto kupitia matundu yake. Alitaka kuliweka kifuuni. Msichana akatikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kufunga fundo mwishoni mwa kamba yake ya katani, amemshikia tayari.

"Tunga hapa, bibi," alimwambia, "usije ukasahau njia ya kurudi."